Mgeni Aliyelala Liuhua

Iko Ijumaa moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote, jua lake, jasho lake, na moshi wa nyama ya kondoo iliyokuwa inachomwa nje ya lango. Umri wangu wa kweli naanza kuuhesabu siku ile. Yote yaliyofuata niliongezewa tu. Leo mvua imewazuia wateja, nimekaa peke yangu kwenye kiduka changu humu ndani ya jengo la Tianxiu, nikaona nikuandikie wewe, mtoto wa ndugu yangu, kabla hujapanda ndege kuja huku. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo utanivumilia. Mambo yenyewe ni ya kweli, na waliohusika nitawataja kwa majina, wema kwa wabaya, kwa sababu kuficha ukweli ndiko kulikotuletea msiba.

Nilikuja huku Guangzhou, China, mara ya kwanza nikiwa msichana, nimetoka Tunduma, natafuta nguo za watoto na viatu. Tulikuja wawili, mimi na Editha. Editha alikuwa binti wa Kasulu aliyehamia Tunduma kwa biashara, meza yake ya mitumba ilipakana na yangu. Alikuwa mtu wa kucheka. Akiingia dukani kwa Mchina, hajui neno hata moja la lugha yao, ila ataminya namba kwenye kikokotoo, ataguna, atashika kiuno, atatoka nje, atarudi, mpaka mwenye duka mwenyewe anacheka na bei inashuka. Nilimpenda. Sijapata mwenzangu mwingine wa namna ile.

Usiku wa kabla ya safari tulilala gesti moja Kariakoo. Chandarua kilikuwa kimetoboka, Editha akaziba tundu kwa kilemba chake, likabaki jingine. Tulicheka hilo tundu. Ningejua lingetufanya nini, nisingelicheka.

Uwanja wa ndege wa huku tulipokewa na Bosco. Bosco alikuwa mtu wa Makambako, amekaa China miaka, Kichina anakimwaga kama maji. Wafanyabiashara wote wa nyanda za juu walifikia kwake, katika nyumba ya kupanga mtaa wa Xiaobei, wanaume chumba kimoja, wanawake nyuma ya pazia. Alitupeleka masokoni, alitutafsiria, alitupakilia mizigo. Simkatalii hilo. Alikuwa na bidii. Tatizo lake lilikuwa moja: sheria ya huku inataka mgeni akifika, mwenye nyumba ampeleke polisi akaandikishwe. Bosco alikuwa hataki. Nyumba ilikuwa imeandikwa ya watu wachache, na sisi tulilala kama samaki kwenye tenga. Kwa hiyo alitufundisha neno la Kichina la kwanza kabla hata ya salamu.

"Ukiulizwa umekuja lini, sema hen jiu," alituambia. "Maana yake siku nyingi sana. Mgeni ndiye anayedaiwa karatasi. Mwenyeji hakuna anayemsumbua."

Neno lenyewe lilikuwa na faida yake sokoni, nakubali. Kule Liuhua, kwenye maghorofa ya nguo na viatu yanayoizunguka stesheni ya treni, laobani, yaani mwenye duka, akikuona mgeni anakupandishia bei. Ukimwambia hen jiu anakuangalia vizuri, anashusha. Basi tukalizoea. Laobani akiuliza, hen jiu. Dereva wa teksi, hen jiu. Mpaka likawa linatoka lenyewe mdomoni, hata kabla swali halijaisha.

Editha ndiye aliyeanza kuugua. Kichwa, baridi, mwili unatetemeka katikati ya joto la mji huu ambalo linaweza kuivisha ndizi. Bosco alimpeleka kwenye zahanati ndogo ya mtaani, na mimi nikafuatana nao. Daktari aliuliza, Bosco akajibu. Katika majibu yake nilisikia neno letu lile, hen jiu. Daktari akaitikia kwa kichwa, akamtundikia dripu, akampa dawa za mafua.

Sasa fikiria. Daktari wa huku ameambiwa mtu huyu amekaa hapa mwaka mzima. Huku malaria hakuna. Kwa nini aitafute? Simlaumu. Aliambiwa uongo, akatibu uongo.

Mke wa Bosco, Mama Gloria, ndiye aliyekuwa anaongoza maombi pale nyumbani. Alimwekea Editha mikono, akatutangazia kuwa homa ile si ya kawaida. Ijumaa iliyotangulia Editha alikuwa amekula mkate na nyama kwenye soko linalofanyika nje ya msikiti mmoja wenye makaburi ya zamani, na Mama Gloria akasema kilichomwingia kimetoka makaburini. Akatukataza kukanyaga kule. Siku ya tatu Editha alikuwa ananiita kwa jina la mama yake. Siku iliyofuata akafa. Kwenye cheti cha kifo waliandika mapafu. Bosco akaharakisha mambo, hakutaka maswali, mwili ukachomwa, tukapewa majivu kwenye kikasha. Mtu wa Kasulu, Mkristo, mwenye mama na kaka zake, amechomwa bila hata wimbo. Nilikuwa nimesimama pale na meno yangu yanagongana. Nilidhani ni uchungu. Kumbe na mimi ilikuwa imeanza.

Niliwaambia. Bosco akanipeleka kwa daktari yuleyule, akasema maneno yaleyale, nikarudi na dawa zilezile. Hapo ndipo ninapomwekea Bosco kinyongo, mwanangu. Kwa Editha alikuwa hajui. Kwangu mimi alikuwa ameshaona.

Basi ikafika Ijumaa. Asubuhi Bosco alisikia kwamba polisi wanapita mlango kwa mlango. Akaja kusimama nje ya pazia.

"Tabitha, amka utoke. Leo wanakagua."

"Bosco, miguu hainibebi."

"Itakubeba. Nenda hata sokoni, si umekuja kufanya biashara? Jioni utarudi."

Mama Gloria alinivalisha sweta, akanining'inizia mkoba begani, akaniombea baraka mlangoni. Nadhani aliamini anatenda wema. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta.

Nilikuwa nataka kufika masoko ya Liuhua nikakae kwenye ngazi zake, mahali ambapo mtu mweusi mwenye mkoba hamshangazi yeyote. Sikufika. Njiani, palepale Liuhua ila kabla ya masoko, kando ya barabara kubwa, chini kidogo ya ile barabara ya juu ambayo magari yake hayanyamazi, pana ukuta mrefu wenye lango. Nje ya lango ndipo soko la Ijumaa lilipokuwa, mikate, mishikaki, zabibu, watu wa kila rangi. Ndani ya lango ndipo palipokatazwa na Mama Gloria. Ila ndani kulikuwa na kivuli, na nje kulikuwa na jua, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wa nguvu zangu. Nikaingia.

Nitakueleza palivyo, maana bado pako vilevile. Ukipita lango, mji unabaki nyuma kama umefungiwa mlango. Miti mikubwa, mianzi, njia ya mawe yaliyoota ukungu wa kijani. Kuna msikiti, kuna kisima, kuna makaburi ya zamani yenye maandishi ya Kiarabu na ya Kichina kwenye jiwe moja. Halafu ndani zaidi kuna kaburi moja lenye kuba, si kubwa kama nilivyofikiri. Wanasema amelala humo mtu wa Uarabuni, wa zama za Mtume wao, aliyekuja na dini yao mpaka hapa na akafia hapa. Wasomi wanabishana kama ni yeye au ni mwingine. Hayo siyawezi. Ninachojua ni kwamba juu ya ukuta ule yanachungulia maghorofa ya vioo, pande zote, na hakuna aliyemwondoa.

Nilikaa kwenye ngazi za mawe karibu na kisima. Nikasikia mtu nyuma yangu.

"We mwana, hapo ulipokaa ndipo watu wapitapo wakenda kutawadha. Hebu sogea kidogo."

Kiswahili. Nililia, sikuficha. Aliyesema alikuwa mwanamke wa Mombasa, Bi Rukia, mtu mzima mwenye mwili, amebeba beseni la sambusa alizokuwa akiuza kila Ijumaa pale langoni. Aliliweka chini beseni lake.

"Nimekwambia usogee tu, shoga, sikukwambia ulie. Una nini?"

Kabla sijajibu alikuja mzee mmoja wa Kichina, kofia nyeupe kichwani, ufagio mkononi. Huyo ndiye Mzee Ma, aliyekuwa akilitunza eneo lile. Alichota maji kisimani kwa kata, akanipa. Nikanywa. Akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza jambo kwa Kichina, na swali lenyewe nililijua, nilikuwa nimeulizwa mara nyingi sokoni: umekuja lini.

"Hen jiu," nikasema.

Mzee Ma aliniangalia, akauangalia mkoba wangu. Akacheka kidogo kooni. Akasema na Bi Rukia.

"Asema wewe mwongo," Bi Rukia akanitafsiria. "Asema mkoba wako bado una karatasi ya ndege imening'inia."

Nilitazama. Ni kweli, ilikuwapo. Nikaichana kwa aibu.

Mzee Ma hakucheka tena. Alinyoosha ufagio wake kuelekea kwenye lile kaburi lenye kuba, akasema polepole, akisubiri Bi Rukia amalize kila kipande.

"Asema hivi. Yule mle ndani yuko hapa zaidi ya miaka elfu. Babake alimfagilia, na babu yake alimfagilia. Na mpaka leo mtu akija akiuliza, wao wamwambia ni mgeni, alitoka mbali, alikuja kwa bahari. Hawajamfanya Mchina. Wewe una siku ngapi hapa hata ujifanye mwenyeji?"

"Nikisema mimi mgeni watanikamata."

"Nani kakwambia?" Bi Rukia akauliza.

"Bosco."

"Huyo Bosco ni daktari?"

"Hapana."

"Ni polisi?"

"Hapana. Ndiye aliyetupokea."

"Basi hofu ni yake, shoga, homa ni yako. Sema. Watoka wapi, na lini?"

Mwanangu, sijui kama utanielewa. Nilikuwa nimekaa katika mji huu siku zote zile na hakuna hata mara moja nilikuwa nimetaja kwetu. Nilifungua mdomo, nikasema, "Tunduma. Tulipita Dar. Hata mwezi sijamaliza." Nikamtaja na Editha. Nikasema alivyougua na alivyokufa, na gesti ya Kariakoo, na chandarua.

Bi Rukia alinigusa shingo kwa mgongo wa mkono. Uso wake ukabadilika.

"Hii malaria. Kwetu hata mtoto wa chekechea angekwambia."

"Wanasema imetoka makaburini. Na mimi ni Mkristo, sikupaswa hata kuingia humu."

"Nani kakuuliza dini? Mimi nimekuuliza mbu." Alishainuka, anafunga leso kiunoni. "Na makaburi haya yaniona kila Ijumaa na sambusa zangu, hayajanitia hata kikohozi. Inuka. Mzee, mshike huku."

Aliliacha beseni palepale kwenye ngazi. Ilikuwa Ijumaa, siku yake ya soko, na mzee alikuwa na swala ya watu wengi mbele yake. Wote wawili walipanda teksi na mimi katikati, mkono wa mzee umenishika bega ili nisianguke.

Hospitali ilikuwa kubwa. Daktari alikuwa kijana, anaandika bila kututazama, amechoka. Akauliza lile swali. Bi Rukia akamjibu kwa Kichina chake cha sokoni kwamba mtu huyu ametoka Afrika, mwezi haujaisha, na mwenzake aliyesafiri naye ameshakufa. Yule kijana aliacha kuandika. Aliinua kichwa akanitazama. Kule kuinua kichwa ndiko kulikoniponya, dawa ilikuja baadaye. Walinitoa damu, wakamwita mkubwa wao, wakaagiza dawa hospitali nyingine, kwa sababu ya aina ile hawakuwa nayo karibu. Baada ya hapo kuna siku sizikumbuki.

Nilipozinduka nilimkuta mke wa Mzee Ma anapoza uji wa mchele kwa kupepea na kipande cha boksi. Alikuja kila asubuhi. Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana. Alinilisha kijiko baada ya kijiko, na nikikataa alinionyesha kidole kama anamwonya mtoto. Bi Rukia alikuja mchana, akanisuka nywele palepale kitandani, akinipa habari za wateja wake. Nilimuuliza kuhusu sambusa za siku ile. Akasema alirudi akakuta beseni tupu, watu wamekula wakidhani ni sadaka. "Na mimi nimeinuia sadaka hivyohivyo," akasema. "Ningefanyaje?"

Polisi pia alikuja, yule niliyeogopeshwa naye. Kijana mwenye miwani. Bi Rukia akitafsiri, nilimweleza yote, nyumba ya Bosco na wageni wake wote. Alinikaripia kwa muda, akaandika karatasi, akanionyesha mahali pa kutia sahihi, akaniwekea karatasi yenyewe chini ya mto ili isipotee. Akaondoka. Ikaisha. Nilikaa nikaitazama ile karatasi. Kukaripiwa. Editha alikufa ili mtu asikaripiwe.

Bosco alikuja siku moja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Umenitaja?" akauliza.

"Nimekutaja."

"Sisi si ndugu, Tabitha? Watu wa nyumbani?"

"Editha naye alikuwa wa nyumbani."

Aliondoka. Walitozwa faini yeye na mwenye nyumba, wakahama, na nasikia yuko mji mwingine anapokea wageni mpaka leo. Nimejaribu kumsamehe na bado sijaweza, nakwambia ukweli. Mama Gloria aliniandikia baadaye kuniomba radhi. Yeye nimemsamehe, ingawa lile neno lake la makaburini nimekaa nalo kama jiwe kwenye kiatu.

Majivu ya Editha niliyapeleka mwenyewe Kasulu. Mama yake alinikalisha, hakulia mbele yangu, akanitaka nieleze bila kuruka kitu. Nikaeleza. Nikamtaja Bosco. Watu waliokuwa pale wakaniona sina adabu, nataja jina msibani. Mama yule akasema, "Mwacheni aseme. Mimi ndiye niliyezaa, nataka kujua." Tangu siku hiyo nataja.

Mzee Ma amekwishafariki. Bi Rukia alirudi Mombasa, magoti yanamsumbua, tunapigiana simu. Mimi nilibaki nikija na kurudi, na sasa nakaa zaidi huku kuliko nyumbani. Masoko ya Liuhua yamebomolewa na kujengwa tena mbele ya macho yangu, maduka niliyonunua viatu vya kwanza siyajui yalipokwenda, na siku hizi watu wananunua kwa simu wakiwa kwao. Kaburi lile lipo. Kila mwaka nikifika hupita pale, nasimama kando, namshukuru Mungu wangu kwa namna yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya nini. Siku moja mtoto wa Mzee Ma aliniambia kwamba watu wanaotaka kumshukuru yule mgeni wa zamani huwa wanafagia majani. Basi nafagia. Mikono yangu si ya ibada yao, lakini majani ni majani.

Sasa nisikie, mwanangu, maana haya ndiyo niliyotaka ufike nayo. Ukishuka huku, kabla hujanunua hata soksi, nenda kaandikishwe polisi, na anayekupokea, hata akiwa mimi, akikataa, hama kwake siku hiyohiyo. Sokoni danganya bei ukipenda, hilo ni la mchezo, na laobani naye anakudanganya. Mbele ya daktari usidanganye kitu. Mwambie umetoka wapi, umefika lini, umelala wapi, nani ameugua pamoja nawe. Jifunze kuyasema hayo kwa Kichina kwa ulimi wako mwenyewe, usimwachie mtu mwenye hofu yake akusemee. Mwenzako akiugua, msemee hivyohivyo hata kama yeye anakukataza. Na watu wa dini nyingine wakikufungulia lango, ingia. Usikae juani kwa kuogopa maneno ya Mama Gloria.

Hakuna aibu ya kuwa mgeni. Mimi nimefika umri huu kwa sababu mzee mmoja mwenye ufagio alinikatalia nilipojificha, na nawashukuru yeye, na mke wake, na Rukia, na yule daktari kijana ambaye jina lake sikulipata. Nikiamka asubuhi kabla sijashika simu nawataja, na Editha namtaja wa kwanza.

Mungu akufikishe salama na akurudishe kwa mama yako ukiwa unatembea kwa miguu yako. Ukiugua, akuletee mtu wa kukuuliza umetoka wapi, na akupe moyo wa kumjibu kweli. Amina.